Hadbourne ni Hapo Chini Tu

Jumatatu, 6 Oktoba

Mvua ya kwanza imenyesha. Kensington yote, hapa Johannesburg, inanukia vumbi lililolowa, nami nimeamua kuandika, kwa sababu humu ndani Kiswahili nazungumza na sufuria tu, na sufuria hazijibu.

Namtunza Bibi Winifred, mama wa Kiingereza wa miaka themanini na ushee. Namwogesha, namlisha, usiku nalala chumba cha uani. Jumapili nateremka mtaa wa Bertrams kwa rafiki yangu Jeanne, msusi, Mkongo wa Lubumbashi, tunakula ugali wa kueleweka na kusemana. Hayo ndiyo maisha yangu tangu marehemu Themba aniache. Themba alikuja kwetu Morogoro akiwa mkimbizi, enzi za kupigania uhuru wao huku Afrika Kusini. Akanioa, akanileta kwao, akafa, sasa kama mkimbizi ni mimi. Karatasi zangu ziko sawasawa. Lakini siku hizi watu hawaulizi karatasi, wanasikiliza unavyotamka.

Asubuhi Bibi aliniuliza, "Dorothy, posta imefunguliwa?"

Dorothy ni dada yake, alishafariki zamani. Posta anayoitaka iko Hadbourne, kijiji alichozaliwa, huko Uingereza. Ameishi Johannesburg tangu aletwe bibi harusi, ila akili yake imefunga virago na kurudi kwao peke yake.

Mimi nimelelewa hivi: mkubwa habishiwi. Unaitikia, halafu unafanya linalofaa. Nikamwambia, "Ni hapo chini tu, Bibi. Kesho tutakwenda."

Akatulia, akanywa chai yote.

Jumanne, 7 Oktoba

Kumbe jina langu anasahau, ahadi hasahau! Kaamka kavaa kofia na glavu, kanisubiri mlangoni na bahasha yake. Ningefanyaje? Nikamkokota mpaka dukani kwa Ishaka, Mrundi mwenye spaza pale kwenye kona. Nikamkonyeza Ishaka, nikasema, "Bibi ameleta barua posta."

Ishaka ni mtu wa maskhara, Mungu amlinde. Alipokea bahasha kwa mikono miwili, akabandua ile karatasi ndogo inayokuwa kwenye tufaha, akaibandika juu kama stempu, akagonga ngumi kama karani. "Itafika, Gogo," akasema, yaani bibi kwa Kizulu.

Bibi alirudi akiimba. Nami nikajiona hodari.

Jumanne, 14 Oktoba

Sasa Hadbourne naijua kuliko Johannesburg. Bibi anasimulia nikimkata kucha, nikimchana nywele, hata akiwa chooni.

Posta na duka viko ndani ya mlango mmoja, na mwenye posta anajua siri za kijiji kizima kwa kutazama bahasha. Kilabu cha pombe kinaitwa Jembe, na kiko karibu na nyumba ya mchungaji. Nilipomwuliza kama mchungaji haoni haya, Bibi akasema mchungaji ndiye mteja wa kwanza. Kuna ukumbi wa mabati ambamo wanawake hushindana kuoka keki na kununiana mwaka mzima kwa ajili ya hizo keki. Basi hupita mara moja kwa wiki. Kuna bwawa lenye bata, na kando ya bwawa hufanyika sikukuu ya kijiji, watu wote wanapita barabarani na mabango na ngoma. Kanisa la mawe liko mlimani peke yake, mbali na nyumba.

Kila kitu nimekipatia mahali. Spaza ya Ishaka ndiyo posta. Baa iliyofungwa ndiyo Jembe. Ile bustani kubwa yenye ziwa, huko chini, ndiyo bwawa la bata. Kanisa sijalipata, nimemwambia liko nyuma ya bwawa. "Ni hapo chini tu, Bibi. Kesho tutakwenda."

Jumapili, 19 Oktoba

Bertrams. Jeanne kanisuka. Tumecheka sana habari za stempu ya tufaha.

Jumatatu, 27 Oktoba

Gillian kapiga simu kutoka Cape Town. Ni binti wa pekee wa Bibi, mtu wa haraka, anaongea kama anayekimbilia lifti. Mama yake alimsimulia kuhusu posta.

"Tabia, usimwambie kijiji kiko hapo chini," akasema. "Siku moja atatoka kwenda kukitafuta. Atakufa barabarani. Mwambie ukweli, kwa upole."

Nikasema ndiyo, mama. Sikuwahi kufikiria hivyo. Niliona nambembeleza tu, kama unavyombembeleza mtoto mpaka alale. Lakini mtoto unayemwahidi peremende anafungua kabati mwenyewe ukigeuka.

Jumanne, 28 Oktoba

Nimemwambia. "Bibi, Hadbourne iko Uingereza, mbali. Hapa ni Johannesburg."

Akanitazama. "Na mama je?"

Nikamshika mkono, naye akaelewa. Alilia mpaka mchana.

Jumatano, 29 Oktoba

Kaamka hakumbuki kitu. "Dorothy, posta imefunguliwa?" Nikamwambia tena. Akalia tena, kilio kile kile kipya. Kila asubuhi namletea msiba ule ule, na kila asubuhi anafiwa upya.

Alhamisi, 30 Oktoba

"Dorothy, posta imefunguliwa?"

"Imefunguliwa, Bibi. Ni hapo chini tu."

Gillian anisamehe. Sina roho ya kuua mama wa mtu kila siku kabla ya chai.

Jumatatu, 3 Novemba

Leo nimeonja kifo. Nilikuwa naanika nguo, nikarudi ndani, kiti kitupu. Nikakimbia. Nikamkuta getini, kavaa kofia, mkoba mkononi, anavuta kufuli. "Limekwama," akaniambia. "Nachelewa sikukuu."

Nimenunua kufuli jipya kubwa. Ufunguo naufukia ndani ya kopo la unga. Usiku nimeamka mara kwa mara kusikiliza kama geti linalia. Nikifumba macho naona lile ziwa, na kofia yake inaelea juu. Nani alimwambia kuna bwawa huko? Mimi. Nani alimwonyesha njia? Mimi huyu huyu.

Jumapili, 9 Novemba

Kuna vijana wamekwenda kwa Ishaka wakiwa na fimbo. Wamemwambia afunge kabla mwezi haujaisha, yeye na wageni wote wa mtaa. Yeye anacheka bado, ila anacheka na macho yakiwa mlangoni.

Jeanne anasema Bertrams nako wamesikia. Tumekubaliana sheria: kwenye teksi simu haipokelewi. Dukani unaonyesha kwa kidole. Ukisukumwa, unanyamaza. Wanawake wazima, wenye midomo yetu hii, tumekaa kitandani tunafundishana ububu! Jeanne alianza kucheka, halafu akawa analia.

Jumatano, 12 Novemba

Mvua ya mawe. Maji ya bomba yamekatika, ya mbinguni yanamwagika bure. Bibi amekula vizuri.

Jumatano, 19 Novemba

Jirani wa upande wa kushoto, ambaye miaka yote hunipungia mkono, leo kaniuliza juu ya ukuta, "Mama, wewe ni wa wapi hasa?" Nikasema, "Marehemu mume wangu alikuwa wa Soweto." Akasema, "Sikuuliza mume." Akatabasamu, akaingia ndani. Labda hakuwa na neno. Labda alikuwa nalo. Hofu ndivyo ilivyo, inakufanya umchunguze mtu wa watu mpaka kwenye meno.

Jumatatu, 24 Novemba

Mvua siku ya nne. Bibi kanisimulia kwa nini kanisa lao liko peke yake mlimani. Zamani za zamani, mababu wa mababu zake, tauni ilipita Hadbourne. Nusu ya watu wakafa. Waliobaki wakachoma nyumba, wakahamia bondeni, kanisa wakaliacha na makaburi yake.

"Walisema imeletwa na mchuuzi wa vitambaa," akasema. "Mgeni. Alikuja na mzigo wake mgongoni."

"Walimfanya nini?"

"Walimfukuza kwa mbwa, mpenzi. Mwaka uliofuata tauni ikarudi, na yeye hakuwepo." Akanishika mkono. "Mbona mikono yako ni ya baridi, Dorothy?"

Nikamwambia ni maji ya vyombo. Ukweli ni kwamba maandamano ya kuwafukuza wageni ni Alhamisi. Yatapita barabara ya chini, mpaka bustanini.

Alhamisi, 27 Novemba

Nitaandika kwa mpangilio, nikikosea nitakosea.

Asubuhi nilifunga geti, nikafunga mapazia, ufunguo nikaurudisha kwenye unga. Bibi nilimweka sebuleni na albamu zake. Kiasi cha saa nne Jeanne akapiga simu, sauti imekatika. "Mama Tabia, beko banakuya huku Bertrams. Banavunja milango. Minakuya kwako, unifungulie!"

Ningemwacha? Nikachomoa ufunguo kwenye kopo, unga ukamwagika mpaka sakafuni. Alifika akiwa na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi. Nikamvuta ndani, nikasukuma geti, na papo hapo nikasikia nyimbo zikitoka kona ya chini. Tulikimbilia chumba cha uani, tukajifungia, tukakaa chini nyuma ya kitanda tumeshikana. Wahenga walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi ni mwoga, na nilikuwa mwoga kwa moyo wote.

Nyimbo zikapita. Mtu akagonga mageti kwa fimbo, moja baada ya jingine, letu nalo likalia. Kisha kimya, kisha radi.

Jeanne akaniuliza, "Ufunguo uko wapi?"

Nikajipapasa mifukoni. Haukuwemo. Ulikuwa getini, kwenye kufuli, unaning'inia. Nilikuwa nimeuacha pale pale, kwa haraka yangu ya kujificha.

Sebuleni, pazia lilikuwa limefunguliwa. Bibi alikuwa amewaona wakipita na mabango na ngoma. Kofia haikuwa kwenye msumari wake.

Nilisimama getini nikashindwa kuvuka. Nitaliandika hili, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Jeanne nyuma yangu anasema, "Usiende, mama, batakuua." Nami najibu, "Najua," na bado nimesimama. Halafu tone la kwanza likanipiga usoni, tone zito, nikakumbuka hana mwavuli. Ndicho kilichonitoa. Sikumwaza Mungu, wala Gillian, wala kazi. Niliwaza, atalowa.

Nikaenda posta. Spaza ya Ishaka ilikuwa imeshushwa chuma, imepondwapondwa, yeye hayumo. Chini ya chuma, nusu ndani nusu nje, kulikuwa na bahasha. Juu yake karatasi ya tufaha, kaibandika mwenyewe. Alikuwa amepita hapa! Aliweka barua yake kwanza, kama mtu mwenye adabu, ndipo akaendelea.

Nikapita Jembe, baa iliyofungwa. Hakuna mtu. Mvua ikashuka yote. Sasa nilikuwa nakimbia, mwanamke wa umri wangu, kandambili zimenitoka, nikishuka njia niliyomfundisha mwenyewe. Nilitaka kumwita nikaogopa sauti yangu. Nikaita hivyo hivyo. "Bibi! Bibi!" Kwa Kiswahili, katikati ya barabara, siku ya leo! Lakini kuita kwa lugha nyingine nilikuwa nimesahau.

Ziwa lilikuwa limepanda, limekula majani ya ukingoni. Nikatazama majini nikitafuta kofia. Kulikuwa na kitu cheupe. Niliingia mpaka magotini. Ulikuwa mfuko wa plastiki.

Ndipo nikasikia kicheko. Kule kwenye kibanda cha bustani waandamanaji walikuwa wamejibana wakijikinga mvua, wengi, mabango yameegeshwa ukutani, fimbo ziko chini. Katikati, juu ya kreti ya bia, amekaa Bibi Winifred, kofia kichwani, anakula magwinya, maandazi ya huku. Mafuta yanamtiririka kidevuni. Kibanda kilikuwa kinavuja, na mwanamke mmoja mnene wa rika langu alikuwa amesimama nyuma yake, amemshikia bango juu ya kichwa asilowe.

Kama ningeweza kumwiba nikatoweka ningefanya hivyo. Lakini aliniona. "Dorothy! Umechelewa. Keki zimeisha, wametoa hizi."

Wote wakageuka. Yule mwenye bango akanitazama miguu yangu mitupu, sketi iliyolowa, unga kwenye mikono.

"Uphumaphi?" akaniuliza. Unatoka wapi.

Kizulu nakijua. Nimeolewa nacho, nimezikia mume kwacho. Lakini nikifungua mdomo, Morogoro inatoka kabla yangu. Nikanyamaza kama tulivyofundishana. Kijana mmoja akainuka. "Hajibu. Kwa nini hajibu?"

Bibi akafuta kidevu kwa glavu. "Ni wa kijijini kwetu," akasema, kwa sauti ya kumkanya mtoto. "Namjua tangu azaliwe. Nyumba ya pili kutoka posta."

Mtu akacheka. Kijana hakucheka. Yule mwanamke naye hakucheka. Alinitazama muda mrefu, na alijua. Naapa alijua, alinisikia nikiita barabarani. Nikaona anapima. Kisha akamsukuma kijana kwa nyonga, akaliteremsha bango, akalitia mkononi mwangu.

"Hamba, mama," akasema polepole. Nenda. "Mtoe Gogo kwenye mvua."

Nilimshika Bibi mkono mmoja, mkono wa pili nikashika bango juu ya vichwa vyetu, tukapanda mlima. Sikusoma lilichoandikwa mpaka tulipofika getini. Liliandikwa kwa herufi nyekundu: WAGENI WARUDI KWAO. Rangi ilikuwa imetiririka, imenichora mkono mpaka kwenye kiwiko.

"Sikukuu nzuri mwaka huu," Bibi akasema. "Watu wengi."

Ijumaa, 28 Novemba

Bibi mafua kidogo. Jeanne amelala sakafuni kwangu. Nimesugua mkono kwa sabuni ya unga, wekundu haujatoka wote.

Nimempigia Gillian, nimemweleza yote, ufunguo, posta, bwawa. Nilitegemea matusi. Badala yake akaniuliza, "Na wewe, hawakukuumiza?" Nilikuwa nimejiandaa kwa kila swali isipokuwa hilo.

Jumatatu, 15 Desemba

Ishaka kaja kuaga. Anarudi Burundi na begi moja. Alimwuliza Bibi kama ana barua ya kupeleka. Alikuwa nayo. Akaipokea kwa mikono miwili.

Alhamisi, 8 Januari

Mvua. Jeanne amerudi Bertrams. Mlango wake wameutengeneza kwa mbao za kitanda.

Jumatano, 21 Januari

Leo nilipeleka taka nje, gari likapunguza mwendo karibu yangu. Nikaacha pipa nikakimbilia ndani. Lilikuwa gari la mtu anayetafuta namba ya nyumba. Tangu ile siku ndivyo nilivyo.

Jumatatu, 16 Februari

Gillian ameamua. Mwisho wa Machi anampeleka mama yake Cape Town, kwenye nyumba ya wazee iliyo karibu naye. Amesema atanitafutia kazi huko huko kama nitataka. Ni mtu mwema, nilimhukumu vibaya kwa sababu ya ule usemaji wake wa haraka. Nikasema nitafikiri.

Nafikiri nini? Cape Town sijui mtu. Bertrams nitalala nikisikiliza mlango. Kwetu Nyandimba, juu kule Uluguru, wazazi wote wako chini ya udongo, na watoto wa ndugu zangu wananijua kwa picha. Themba yuko kaburini Soweto, wa kumfagilia ni mimi. Kila upande nikigeuka naona pa kuogopa.

Jumapili, 15 Machi

Mvua zinakwisha. Mchana umekuwa mkavu, jioni kibaridi. Sikwenda Bertrams.

Ijumaa, 20 Machi

Masanduku yako ukumbini. Bibi anayazunguka bila kuuliza ni ya nani.

Leo nilimkalisha barazani juani, nikakaa ngazini nimkate kucha. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuuliza posta. Akaniuliza, "Na ninyi, kwenu kuna nini?"

Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza hivyo nchi hii. Wanauliza natoka wapi. Nini kipo huko, hawaulizi.

Nikamweleza. Nikamwambia Nyandimba iko juu, ukungu unaingia mpaka jikoni. Kuna kanisa la matofali ambalo mababu walibeba tofali moja moja kichwani kutoka bondeni, na padri aliyewasimamia alikuwa mkali hata mbuzi walimwogopa. Kuna mashine ya kusaga, na foleni yake ndiyo gazeti la kijiji. Kuna zahanati yenye muuguzi mmoja na paka mmoja. Kuna kilabu cha pombe, nacho kiko karibu na kanisa, nilikuwa namsema bure yule mchungaji wa Hadbourne. Kuna kisima ambapo mama yangu aliteleza akiwa na mimba yangu, maji yakamwagika yote, mimi nikabaki. Nikamwambia harufu ya mafiga asubuhi. Mkasi ukaanguka. Nililia kama nilivyomliza yeye Oktoba, na kwa sababu ile ile.

Bibi akanivua kitambaa kichwani, akanipapasa nywele zilizosukwa na Jeanne, polepole, kama anayehesabu mistari.

"Usilie," akasema. "Ni hapo chini tu, ukishapita posta. Kesho tutakwenda."

Mkubwa habishiwi. Nikaitikia, "Ndiyo, Bibi."